Amplifaya ya hedifoni niliyoiunda mwenyewe: uzoefu wangu baada ya miezi minne

Yote yalianza na hedifoni iliyonyamaza upande mmoja. Ni hedifoni kubwa ya kufunika masikio, ya omu 300 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), nimekaa nayo miaka na sikuwa tayari kuitupa. Sikio la kushoto lilikuwa likija na kupotea kila nilipougusa waya karibu na pini, hadi siku moja likazima kabisa.

Nilichukua mita ya kupimia umeme nikaiweka kwenye omu. Kwenye pini ya kawaida ya milimita 3.5, ncha ni kushoto, pete ya katikati ni kulia, na sehemu ndefu ya chini ni athi, yaani njia ya umeme kurudi, ya pande zote mbili. Kulia nilisoma 300 na ushee. Kushoto mita haikusoma kitu. Nikaanza kuukunja waya polepole huku namba nikizitazama, na nilipofika shingoni mwa pini, mita ikaruka hadi 300 kisha ikarudi ilikokuwa. Furaha niliyoipata hapo sijaisahau: spika ni nzima, kilichokatika ni waya tu. Nimeshaona watu wakitupa hedifoni nzuri kwa ugonjwa huuhuu.

Nilikata sentimita tatu nikaweka pini mpya. Kazi yenyewe ni ya nusu saa, ila kuna jambo linalowakwamisha wengi. Nyuzi za ndani ya waya wa hedifoni hupakwa vanishi nyembamba yenye rangi, kwa kawaida nyekundu kwa kulia, kijani au buluu kwa kushoto, na rangi ya shaba kwa athi. Vanishi hiyo hairuhusu lehemu kushika. Ukilehemu juu yake utapata tone zuri linalong'aa lakini umeme haupiti. Mimi huweka tone la lehemu kwenye ncha ya chuma chenye moto, nauzamisha mwisho wa uzi humo na kusubiri hadi vanishi iungue na shaba igeuke rangi ya fedha. Moshi wake si wa kuvuta, fungua dirisha. Na kile kifuniko cha pini kivishe kwenye waya kabla ya kulehemu, si baada.

Hedifoni ikapona, lakini kwenye simu ilikuwa inaimba kwa mbali. Omu 300 zinataka volti, na simu nyingi hazina volti za kutosha kuisukuma. Ndipo nikanunua seti ya kujiundia amplifaya, ambayo ndiyo hasa ninayotaka kuizungumzia.

Saketi ni ile ya CMoy, iliyobuniwa na Chu Moy, inayopendwa na wanaoanza kwa sababu ni ndogo kiasi cha kuingia kwenye kibati cha peremende za Altoids pamoja na betri yake ya volti 9. Ndani ya mfuko nilikuta bodi, aisi (chipu inayokuza sauti) ya OPA2134 na soketi yake ya miguu 8, rezista (vipuri vya kuzuia umeme), kapasita, kitufe cha kupandisha sauti, jeki mbili (matundu ya kuchomekea pini), kitaa cha kuonyesha kuwa imewashwa na kishikio cha betri. Bodi ni nzuri kweli. Matundu yana nafasi, maandishi yanasomeka, na shaba ya kulehemia haikubanduka hata pale nilipong'oa kitu na kukirudisha mara mbili. Soketi ya aisi nayo niliifurahia, maana unalehemu soketi kwanza na aisi unaichomeka mwisho, bila kuichoma kwa joto.

Karatasi ya maelezo ndiyo iliyoniudhi. Inakuonyesha kila kitu kinakaa wapi, halafu sentensi ya mwisho inakwambia uchomeke hedifoni ufurahie muziki. Hakuna mahali inaposema upime kwanza. Kwangu sentensi hiyo ingenigharimu hedifoni.

Betri ina pande mbili tu, chanya na hasi, lakini saketi hii inahitaji pia pointi ya katikati, ambayo ndiyo athi ya bodi. Katikati hiyo hutengenezwa na rezista mbili za kilo-omu 4.7 zinazogawa volti za betri nusu kwa nusu. Kwa hiyo kabla ya kuchomeka aisi, ukipima kutoka athi ya bodi kwenda chanya unatakiwa upate volti 4.5 hivi, na kwenda hasi vilevile. Mimi nilipata 8.2 upande mmoja na 0.8 upande wa pili.

Nilikaa na bodi chini ya taa karibu saa nzima. Lehemu zote zilikuwa safi, zimeng'aa, hakuna iliyogusana na jirani yake. Mwishowe nikaanza kusoma rangi za rezista moja moja kwa kioo cha kukuzia. Hizi ni rezista za mwili wa buluu zenye mistari mitano. Ya kilo-omu 4.7 ni njano, zambarau, nyeusi, kahawia, kahawia. Ya kilo-omu 47 ni njano, zambarau, nyeusi, nyekundu, kahawia. Tofauti ni mstari mmoja tu, na kahawia na nyekundu juu ya buluu hufanana sana. Nikaing'oa ile niliyoishuku, nikaipima: 47. Muuzaji alifunga isiyo yake. Kwenye akiba yangu ya vipuri nilikuwa na ya 4.7, nikaiweka, na pande zote mbili zikasoma 4.6.

Nikachomeka aisi, nikapima tena kwenye jeki ya kutokea, bila muziki na bila hedifoni. Hapa unatafuta umeme wa betri unaovuja kwenda kwenye spika, ule usiopanda na kushuka. Ukiwa mwingi unaipasha joto koili ya spika hadi inaungua, na spika ikiungua hakuna cha kulehemu. Watu wengi huichukua milivolti 20 kuwa kikomo. Kushoto nilipata 4, kulia 6. Hapo ndipo nilipoichomeka hedifoni, na hata hivyo nilianza na ile ya bei rahisi.

Sauti sasa. Kwa hedifoni yangu ya omu 300 sina lalamiko. Besi imesimama, sauti za waimbaji hazizami ndani ya ala, na kitufe cha sauti sijawahi kukivusha nusu. Kwa eafoni ndogo za kuingiza sikioni mambo ni tofauti. Seti inakuja ikiwa imepangwa kukuza mara 11, kwa rezista za kilo-omu 10 na 1. Hiyo ni nyingi mno kwa eafoni za omu 16 au 32, nikawa nasikia mvumo mwembamba kama redio iliyo nje ya stesheni, na sauti ilipanda ghafla kwa mguso mdogo tu. Nilibadilisha zile za kilo-omu 1 nikaweka 2.2, ukuzaji ukashuka hadi mara tano na nusu. Mvumo umepungua sana. Kama huna hedifoni ngumu kusukuma, fanya hivyo tangu mwanzo.

Jingine ni kitaa. Kimewekewa rezista ya kilo-omu 1, na kinawaka hadi kinaumiza macho gizani. Kinakula karibu miliampea 7, wakati aisi nzima inakula kama 8. Yaani nusu ya betri inaishia kwenye mwanga! Nimeweka ya kilo-omu 10, kitaa bado kinaonekana vizuri na betri inadumu kwa muda mrefu zaidi.

Nikiambiwa niipe alama, naipa nne kati ya tano kwa bodi na sauti, na mbili kwa karatasi ya maelezo. Kwa mtu asiye na mita siipendekezi kabisa; anunue mita kwanza, hata ile ya kawaida kabisa. Nilimwandikia muuzaji kuhusu rezista, akajibu siku ya pili kwa heshima na kunitumia zile sahihi. Kuhusu karatasi hakusema kitu, na wiki iliyopita rafiki yangu amepokea seti kama hiyo. Sentensi ya mwisho bado ni ileile.