Spika janja ya kununua ikiwa unataka kuiendesha kwa programu huria

Mei 2024 Sonos, kampuni ya kutengeneza spika, walitoa programu mpya ya simu, na watu waliokuwa na spika hizo kwa miaka mingi wakakuta hawawezi tena kurekebisha kengele ya kuamkia wala kupanga muziki uzime wenyewe usiku. Spika hazikuwa zimeharibika. Uwezo ule ulikuwamo ndani yake vilevile, ila kitufe chake kilitoweka kwenye simu. Aliyekuwa akitumia SoCo, maktaba huria (mkusanyiko wa msimbo ulioandikwa tayari) ya lugha ya Python inayotunzwa na watu wa kujitolea, alibaki na kengele zake, kwa kuwa SoCo haipitii kwenye programu ya kampuni. Huzungumza na spika yenyewe.

Ndiyo maana mnunuzi wa aina hii hana budi kuuliza swali moja kabla hajafikia habari za besi: amri yangu itapitia wapi? Ziko spika zinazopokea amri moja kwa moja kutoka kompyuta iliyomo nyumba ileile. Ziko nyingine ambazo hata ukiwa umekaa hatua mbili kutoka zilipo, amri ya kupunguza sauti lazima iende hadi seva ya kampuni ndipo irudi. Nimezipanga kwa kigezo hicho, si kwa utamu wa sauti.

1. Sonos, pamoja na Symfonisk za IKEA

Spika hizi husikiliza amri za UPnP, njia ya vifaa vya mtandao mmoja kuwasiliana, kwenye poti (mlango wa mtandao) 1400, ndani ya mtandao wa nyumbani, bila akaunti wala nywila. SoCo huzitafuta yenyewe, na kwa mistari minne ya Python umeshaziorodhesha, umepunguza sauti ya mojawapo na umeunganisha mbili ziwe kundi. Asiyeandika msimbo atumie Home Assistant, programu huria ya kuendesha vifaa vya nyumbani, ambayo kwa ndani hutegemea SoCo hiyohiyo. Mimi napenda zaidi node-sonos-http-api: hugeuza kila amri kuwa anwani ya kawaida ya wavuti, hivyo simu ya zamani iliyobandikwa ukutani inaweza kuwa rimoti ya nyumba nzima.

Symfonisk zilianza kuuzwa mwaka 2019. Ndani yake mna mfumo wa Sonos, kwa hiyo yote niliyoyataja yanafanya kazi, na kwa kawaida ni nafuu kuliko spika zenye jina la Sonos. Kwa anayeanza, ningemwelekeza huko bila kusita, ila ushirikiano wa IKEA na Sonos ulifikia mwisho mwaka 2025, hivyo huenda ukazipata zilizotumika tu.

Ukinunua iliyokwishatumika, uliza kwanza ni ya S1 au S2. Mwaka 2020 Sonos waligawa mfumo wao kuwa miwili, S1 wa zamani na S2 mpya, na vifaa vya zamani kama Play:5 ya kizazi cha kwanza vilibaki S1. SoCo huviendesha vyote, lakini kifaa cha S1 na cha S2 havikubali kuwekwa kundi moja, na hilo huumiza ukiligundua baada ya kulipa. Angalia pia mipangilio ya usalama wa muunganisho katika programu ya Sonos: UPnP ikiwa imezimwa, spika itakataa amri zako zote. Na kwa kuwa hakuna nywila, usithubutu kufungua poti 1400 kwenye ruta kuelekea intaneti. Ukitaka kuiamuru ukiwa mbali, ingia nyumbani kwa VPN, njia iliyofungwa kwa siri ya kufikia mtandao wa nyumbani.

2. WiiM na Denon HEOS

Hapa hakuna kubahatisha, kwa sababu kampuni zenyewe zimechapisha amri zao. HEOS, mfumo wa spika za Denon, hupokea maandishi ya kawaida kwenye poti 1255: unaandika heos://player/get_players, nayo inakujibu kwa JSON, muundo wa maandishi ambao programu huusoma kwa urahisi. Maktaba ya pyheos imeshafanya kazi hiyo kwa niaba yako. WiiM hupokea amri za HTTP, kiasi kwamba unaweza kuzijaribu kwa kivinjari tu. Nimeziweka nyuma ya Sonos kwa sababu programu huria zilizoandikwa kwa ajili yake ni chache zaidi. Lakini ukiwa tayari una spika nzuri za zamani zinazotumia waya, kisanduku kidogo cha WiiM cha kuzicheza muziki wa mtandaoni kinazipa uhai mpya, na kwako wewe hiki kiwe namba moja.

3. Google Nest

Amri hupitia itifaki ya Google iitwayo Cast, kwenye poti 8009, na programu huria za pychromecast na CATT zinaijua vizuri. Kupandisha sauti, kusimamisha wimbo, kutuma faili kutoka kompyuta yako: yote yanawezekana. Udhaifu ni kwamba kabla ya kucheza, spika hupakua programu-pokezi kutoka intaneti, kwa hiyo mtandao wa nje ukikatika hata wimbo uliohifadhi chumba cha pili unaweza kukataa kucheza.

Halafu masasisho huja yenyewe, utake usitake. Januari 2022, baada ya Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani kuamua kwamba Google wamekiuka hataza za Sonos, Google waliwaondolea wateja uwezo wa kubadilisha sauti ya kundi zima la spika kwa pamoja. Watu walikuwa wameshalipia uwezo huo.

4. Apple HomePod

Maktaba ya pyatv itakuwezesha kutuma muziki kwa AirPlay, njia ya Apple ya kurusha sauti, kusimamisha na kubadilisha sauti. Siri haiguswi. Kuiwasha mara ya kwanza kunahitaji iPhone au iPad, na katika programu ya Home sharti uruhusu yeyote aliye kwenye mtandao huo kuifikia. Kama huna kifaa kingine cha Apple, iruke.

5. Amazon Echo

Sipendekezi kwa kazi hii. Alexa Media Player, nyongeza ya Home Assistant, inafanya mengi, hata kuifanya Echo isome ujumbe wako kwa sauti, lakini hufanya hivyo kwa kuingia kwenye akaunti yako ya Amazon kana kwamba ni wewe. Amazon wakibadilisha namna ya kuingia, kila kitu husimama hadi watunzaji watoe kiraka. Kuanzia tarehe 28 Machi 2025 pia waliondoa, kwenye Echo chache zilizokuwa nao, uchaguzi wa kutotuma rekodi za sauti kwenye wingu.

Bose SoundTouch sikuiweka kwenye safu kwa kuwa sasa ni ya kununua ikiwa imetumika tu. Mwaka 2025 Bose walitangaza kwamba watazima huduma zake za wingu, lakini amri za ndani kwenye poti 8090 hazitegemei wingu hilo. Ukiipata kwa bei ya chini, ichukue.

Ukishanunua yoyote, usitupe boksi bado. Chomoa waya wa intaneti kwenye ruta huku Wi-Fi ikiendelea kuwaka, kisha jaribu kupunguza sauti na kucheza faili iliyo kwenye kompyuta yako. Spika isipoonekana kabisa, hakikisha hukuiweka kwenye mtandao wa wageni, kwa kuwa ruta nyingi huzuia vifaa vya humo visionane. Ikiwa spika na kompyuta viko mtandao mmoja na bado spika haisikii, irudishe kabla muda wa kurudisha haujaisha.