Diski tatu, nyimbo 60 za miaka ya 80, na maandishi madogo nyuma ya boksi

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Dada yangu alikuwa anatimiza miaka 55, na kwenye shughuli za familia mimi ndiye hupiga muziki, kwa hiyo nikanunua boksi hili la diski tatu zenye nyimbo 60 zilizotamba miaka ya 80. Sikulisikiliza kabla. Nyimbo zenyewe nazijua tangu utotoni, nisikilize nini tena? Usiku ulipokolea nikaweka wimbo wa saba wa diski ya kwanza, ule ambao dada akisikia besi tu huwa keshasimama. Akasimama. Wenzake nao wakasimama. Sauti ilipoingia, akabaki katikati ya chumba mkono mmoja uko juu, akanigeukia: "We, huyu ni nani?"

Alikuwa mwimbaji yuleyule. Hapo ndipo palipo na tatizo.

Nyuma ya boksi, chini kabisa, kuna mstari niliousoma kwa tochi ya simu: baadhi ya nyimbo zimerekodiwa upya na wasanii wenyewe. "Baadhi" ni ngapi, na ni zipi, hawasemi. Kesho yake nikakaa na kalamu na kusikiliza zote, nikahesabu 23. Zaidi ya theluthi ya boksi.

Kisheria hakuna kosa. Wimbo una wenyewe wa aina mbili: kuna mtunzi, mwenye maneno na muziki, na kuna mwenye nakala mama, yaani ile sauti iliyonaswa studio siku ile, ambaye mara nyingi ni kampuni. Mwimbaji asiyemiliki nakala mama yake anaweza, muda wa zuio lililo kwenye mkataba ukiisha, kurudi studio akaimba upya wimbo uleule, na nakala hiyo ikawa yake. Taylor Swift alitoa kazi za namna hiyo kati ya 2021 na 2023, kwa makini, tena akaandika wazi kwenye jalada kwamba hili ni toleo lake. Sina ugomvi na msanii anayetafuta haki yake. Ugomvi wangu ni na hawa waliopanga nakala za pili katikati ya zile za kwanza kama mtu anayechanganya mchele mpya na wa zamani kwenye gunia moja, halafu kwenye orodha ya nyimbo wakakaa kimya.

Huo wimbo wa saba nimeurudia mara nyingi kutafuta kilichomkwaza dada. Ufunguo, yaani kimo cha sauti ya wimbo mzima, umeshushwa kidogo, nadhani nusu toni. Ngoma ni za kompyuta, kila pigo limelingana na jirani yake. Pale kwenye kiitikio ambapo zamani mwimbaji alipanda mpaka sauti ikakwaruza, sasa anapita pembeni, anaimba noti ya chini yake kwa ustadi wa mtu mzima anayejua koo lake limefika wapi. Anaimba vizuri, huenda hata vizuri kuliko zamani. Lakini ule mkwaruzo ndio tuliokuwa tunaungoja.

Atatokea mtu aseme wimbo ni wimbo. Basi na asikilize historia ya "Take On Me" ya a-ha, vijana watatu wa Norwei. Waliutoa 1984, na nchini Uingereza haukufika popote. Wakaurekodi tena na mtayarishaji Alan Tarney, ikatengenezwa na ile video ya michoro ya penseli iliyoongozwa na Steve Barron, na mwezi Oktoba 1985 ukawa namba moja Marekani. Tuni ileile, mwimbaji yuleyule na koo lake lilelile. Kilichobadilika ni namna ulivyorekodiwa na namna ulivyopelekwa kwa watu, na hicho kikatosha kuufanya mmoja usahaulike na mwingine uimbwe mpaka leo. George Michael naye alirekodi "Careless Whisper" kwanza kule Muscle Shoals, Alabama, akiwa na Jerry Wexler, mzee aliyesimamia kazi kubwa za Aretha Franklin. Haikumridhisha. Akaifanya upya mwenyewe London, na saksafoni unayoisikia kichwani sasa hivi unaposoma sentensi hii ni ya Steve Gregory. Kwenye boksi nyimbo hizi mbili ni zenyewe, nashukuru, na zote mbili ziko diski ya pili.

Diski ya pili ndiyo iliyoniokoa usiku ule. Nimeikagua wimbo kwa wimbo na nyimbo zake 20 zote ni za asili. "Tainted Love" ya Soft Cell ya 1981 inafungua, ile milio miwili mikavu ya mwanzo inatoka safi kabisa, na chumba kizima kilirudi kucheza. (Usimwambie shabiki wao, lakini Gloria Jones aliuimba tangu miaka ya 60.) "Sweet Dreams" ya Eurythmics inafuata. Mpangaji wa diski hii, kama ni mtu mmoja, anajua kazi yake. Sijui kwa nini hakupewa zile nyingine mbili.

Sasa malalamiko ya fundi wa sauti, na nitajaribu kutochosha. Walioandaa boksi hili wamepandisha kila kitu kiwe na nguvu sawa kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa nyimbo nyingi utavumilia. Kwa "In the Air Tonight" ya Phil Collins, ya 1981, ni uharibifu. Wimbo ule ni subira tupu: mashine ya ngoma inagonga kwa mbali, kinanda kinaelea, sauti inanong'ona, na wewe unakaa hivyo dakika tatu na zaidi ya nusu mpaka ngoma halisi zishuke kama kabati linaloanguka. Mlio ule yeye na fundi wake Hugh Padgham waliugundua studio za Townhouse, London, wakati wa kurekodi albamu ya Peter Gabriel ya 1980. Maikrofoni iliyowekwa kwa ajili tu ya kuongea na watu wa chumba cha pili ilikuwa inabana sauti kupita kiasi. Ngoma zikapita humo, mwangwi wake ukakatwa ghafla kabla haujafifia, na muongo mzima ukauiga. Kwenye boksi hili ule mnong'ono umepandishwa mpaka ukalingana na ngoma. Kabati linaanguka, halishtui mtu. Mume wa dada, ambaye huwa anazipiga ngoma zile hewani kila mara, safari hii alichelewa. Hakusikia zilipoingia.

Halafu mkasi. Diski hubeba kama dakika 80, na hawa wamesukumia nyimbo 20 kwenye kila moja. Piga hesabu: kila wimbo unapata kama dakika nne tu. Kwa hiyo "Blue Monday" ya New Order, iliyotoka 1983 kwenye santuri ya inchi 12 ikiwa na dakika saba na nusu, humu ina dakika nne na ushei. Ule mwanzo mrefu ambao mdundo unajenga ghorofa moja moja kabla mtu hajafungua mdomo, hamna. Heri wangeweka nyimbo 50 na kuziacha zipumue.

Usitafute wimbo wa Michael Jackson, Prince wala Madonna akiwa peke yake, haumo. Sikutegemea.

Kijitabu ndicho kilichoniudhi kuliko vyote, labda kwa sababu mimi ni mtu wa kusoma vijitabu. Kurasa nne, na tatu ni orodha ya majina ya makampuni. Miaka hiyo ina visa! Na msomaji wa Kiswahili ana vya kwake kabisa. Lionel Richie yumo na "All Night Long" ya 1983, na yale maneno ya katikati ambayo sisi watoto tuliapa ni lugha fulani ya Afrika: aliyatunga tu kichwani. "We Are the World" nayo imo, ule wimbo wa wasanii wengi wa kuchangia wenye njaa Ethiopia, uliorekodiwa usiku wa Januari 28, 1985. Humo studio Stevie Wonder alipendekeza mstari mmoja uimbwe kwa Kiswahili, ukazuka ubishi, Waylon Jennings akajiondokea, na mwishowe ikakumbushwa kwamba Waethiopia waliokuwa wanachangiwa hawazungumzi Kiswahili. Mstari ukaachwa. Miaka miwili baadaye Michael Jackson akatimiza hamu hiyo kwa njia yake: "Liberian Girl" inafunguliwa na sauti ya Letta Mbulu wa Afrika Kusini akisema kwa Kiswahili "Nakupenda pia, nakutaka pia". Msichana ni wa Liberia, ambako Kiswahili hakiko, na ile "pia" mpaka leo inanifanya nijiulize nani alitangulia kusema. Na mpiga ngoma wa "Billie Jean" ya Jackson huyohuyo alijulikana kwa jina gani? Ndugu. Leon "Ndugu" Chancler, aliyewahi kupiga na Herbie Hancock, mpiga kinanda wa jazz, mwanzoni mwa miaka ya 70, wakati Hancock mwenyewe alijiita Mwandishi na wenzake nao wakachukua majina ya Kiswahili. Ukurasa mmoja tu wa mambo ya namna hii ningewasamehe hata mkasi.

Diski ya tatu sina mengi ya kusema juu yake. Nyimbo sita za mwisho ni nzuri na za asili, "Africa" ya Toto ikiwamo, ile inayouinua Kilimanjaro juu ya Serengeti kana kwamba mlima na mbuga vinapakana. Zilizotangulia, nyingi ni nakala za pili, na mbili ni za bendi ambazo mwimbaji wa awali hayumo tena.

Nyota mbili na nusu kati ya tano, na mbili ni za diski ya pili peke yake. Ukiikuta inauzwa kivyake, chukua bila kuuliza. Ukiwa unataka boksi zima kwa ajili ya sherehe, sikiliza kwanza, usifanye kama mimi.

Wiki iliyofuata dada alikuja kwangu na kanda. Alirekodi wimbo ule wa saba kutoka redioni alipokuwa shule, na kwenye sekunde za mwanzo, juu ya besi, mtangazaji anataja saa na kukohoa kidogo. Tuliisikiliza kwenye mashine yangu ya zamani, sauti ikiyumba. Dada aliitaja saa ile pamoja na mtangazaji, na kikohozi pia hakukiacha. Nikamwambia naweza kuihamisha kwenye kompyuta, nikasafisha mvumo, nikakata yale maneno ya mwanzo. Mvumo sawa, alisema. Mtangazaji nisimguse.