Mbegu za bitiruti za asili: uanze na ipi?

Mwenye tuta moja tu nyuma ya jiko asihangaike, achukue Detroit Dark Red. Iko sokoni tangu 1892, ni ya mviringo, rangi ya damu ya mzee mpaka ndani, na baada ya miezi miwili hivi unang'oa. Haina maringo. Zinazofuata ni za kuongezea.

Ya pili kwangu ni Cylindra, yenye asili ya Denmark. Ni ndefu kama karoti, hivyo vipande vya saladi vinatoka saizi moja. Ila hupenda kuchungulia juu ya ardhi; ipandishie udongo, la sivyo bega linakuwa gumu.

Bull's Blood inunue kwa ajili ya majani yake mekundu yaliyoiva. Mizizi ing'oe ingali midogo. Chioggia ya Italia ukiikata mbichi ina miduara myeupe na myekundu, wageni wanatoa simu kupiga picha. Ukiichemsha miduara inafifia, kwa hiyo jikoni kwangu ni pambo. Golden, ya manjano, naiweka mwisho: tamu, haichafui mikono, lakini kuota kwake ni bahati nasibu.

Jina likishakaa sawa, tazama tarehe kwenye pakiti. Niliwahi kupimiwa mbegu kwa kijiko, zikafungwa kwenye gazeti. Mashimo arobaini, yakaota matano. Tangu hapo pakiti iliyofunguliwa siigusi. Na usiogope pakiti ikionekana ndogo: kila punje ile yenye makunyanzi ni mbegu kadhaa zilizoshikana. Loweka usiku mmoja, fukia sentimita 2, acha sentimita 10 kati ya shimo na shimo. Mingi itaota pamoja. Bakiza mche mmoja, mingine ikate kwa mkasi uitie kwenye sufuria.

Wauzaji watakwambia mbegu ya asili unanunua mara moja, kisha unajitunzia yako. Kwa nyanya, sawa. Bitiruti haitoi maua mpaka ipitie baridi ya wiki kadhaa, kwa hiyo wa Dar au Mombasa atasubiri sana. Hata huko nyanda za juu, jirani akiacha spinachi yake ichanue, upepo utachanganya chavua, maana spinachi ya masoko yetu, ile ya mabua manene, ni ndugu wa damu wa bitiruti. Tenga hela ya pakiti nyingine mwakani.