Manowari zangu na gunia la vitunguu: uzoefu wangu na kifurushi cha basi, Dodoma–Mwanza

Nyota moja, na hiyo moja ni ya utingo. Ingekuwa ofisi yao ya vifurushi stendi ya Nyegezi, Mwanza, peke yake, ningeacha patupu.

Niwatendee haki kwanza. Safari ya kwenda walinifikishia mzigo Dodoma bila mkwaruzo, nikawasifia kwa kila aliyenisikiliza. Ndiyo maana rafiki yangu alipotaka kuurudisha nilimwambia asihangaike, apeleke gari lile lile.

Mzigo wenyewe ni manowari za tanga, ndogo, za mchezo wa vita vya baharini unaochezwa mezani kwa dadu, rula na mshale wa kuonyesha upepo. Sisi tunacheza vita vya Trafalgar, vile vya 21 Oktoba 1805, Admeri Nelson wa Uingereza na meli zake 27 dhidi ya 33 za Wafaransa na Wahispania. Kipimo chetu ni 1/700, kwa hiyo Victory, meli ya Nelson iliyobeba mizinga 104, kwangu haizidi sana sentimita nane. Nachonga vipande vya msonobari ninavyopewa na fundi fanicha wa Kirumba. Milingoti ni vijiti vya mishikaki vilivyopunguzwa kwa wembe, tanga ni karatasi iliyolowekwa kwenye chai ya rangi, kamba ni uzi wa cherehani uliopitishwa kwenye nta ya nyuki ili usitoe manyoya. Hapo kwenye uzi ndipo usiku unapokwisha. Mlingoti wa galme, ule wa nyuma, unashikwa na wa kati, wa kati unashikwa na wa mbele, wa mbele unashikwa na ule wa maji unaochomoza omoni, yaani mbele ya meli. Mmoja ukivunjika vyote vinalegea, na kidole hakipiti kurekebisha. Unakata kila uzi, unaanza upya.

Sasa njoo Nyegezi, jioni, mwezi uliopita hivi. Kijana wa kaunta hakutoa macho kwenye simu. Boksi alilisukuma kwa kiwiko. Pembe moja imebonyea, selotepu imeachia, na linanuka vitunguu. Nikalifungua pale pale mbele yake. Katikati ya milingoti ya Temeraire, meli nyingine ya Nelson, lilikuwa limenasa ganda jekundu la kitunguu, zima, kama limewekwa kwa makusudi. Gari linapita Singida, kwa hiyo gunia lilikopandia sihitaji kuambiwa.

"Mdogo wangu, hapa juu pameandikwa KIOO."

"Kioo kiko wapi sasa, mzee? Mbona mimi naona midoli?"

Akamwita mwenzake aje kuona mzee analilia midoli. Wakacheka. Kisha akanifundisha sheria: aliyetuma ametoa maelezo ya uongo, kaandika kioo na ndani hakuna kioo, hivyo kama kuna wa kumdai ni rafiki yangu! Jamani, nani nchi hii hajui KIOO juu ya boksi ni kuomba lishikwe taratibu? Nimeona keki ya harusi imeandikwa KIOO, na hakuna aliyeichokonoa kutafuta dirisha.

Kilichoniuma si Temeraire. Siku ile ya 1805 Victory ilipita nyuma ya Bucentaure, meli ya Admeri Villeneuve, ikaimiminia mizinga tezini, yaani nyuma, ambako meli za aina ile zilikuwa dhaifu na kombora likiingia linafagia sitaha mpaka omoni. Bucentaure yangu imerudi tezi imekatika. Haya, hapo gunia limefuata historia. Lakini Victory halisi ilipigwa kwa saa kadhaa na bado haikupoteza milingoti yote mitatu. Yangu imelala mitatu yote, bila mzinga hata mmoja kulia, kwa vitunguu.

Tukiwa bado tunabishana akaja utingo, ametoka kufagia buti. "Mzee, hii siyo yako?" Amefungua tiketi kuukuu aliyoikunja vizuri, ndani yake foromali ya Victory, ule mti wa kutungikia tanga, nyembamba kama njiti ya kiberiti, na tanga lake bado limeshikilia. Angeweza kuifagia na maganda yake, nani angejua. Nikapoa. Nikasema moyoni hawa watu nyota tatu zinawatosha, bei yao ni nafuu, kwenda walifanya vizuri, na kijana mmoja asiye na adabu si kampuni nzima.

Ila naandika haya huku risiti iko mbele yangu. Foromali ilikutwa ndani ya buti, maana yake boksi lilishafumuka njiani kabla ya kufika kaunta. Na kijana yule yule alilipokea hivyo hivyo, akaandika kwa kalamu ya bluu: "Limepokelewa hali nzuri." Hali nzuri! Nyota mbili nazirudisha. Iliyobaki mpeni utingo mkononi, isipitie ofisini.

Meneja alisema atanipigia kuhusu fidia. Bado nasubiri, huku nakata nyuzi za Victory kwa mkasi wa kucha, na Oktoba haiko mbali. Mwenye kulijua gari lingine la Dodoma–Mwanza linalopokea vifurushi na halipakii vitunguu Singida, anitajie.