Kisanduku cha kusikiliza neva: kinafaa darasani, lakini jua unachosikia

Ndani ya boksi kuna amplifaya ya kuunganisha mwenyewe, spika ndogo, betri ya volti 9 na waya wenye pini mbili. Kwa mwalimu wa bayolojia, awe Kampala au Mbarara, pesa yake haipotei.

Kwa jaribio, mende mkubwa wa chooni anatosha. Mtumbukize kwenye maji ya barafu dakika chache mpaka atulie, mkate mguu wa nyuma karibu na mwili, kisha ulaze juu ya koki (kipande laini cha kizibo cha chupa, si bomba). Pini moja ichome pajani, nyingine kwenye pingili ya juu. Gusa miiba ya mguu kwa kijiti cha meno: spika inalia kama bisi zinazopasuka sufuriani.

Pini hizo hazijaingia ndani ya seli yoyote. Zinanasa uga wa umeme ulio nje, katika majimaji yaliyozunguka nyuzi za neva. Ndani ya seli mpigo wa neva, yaani ishara fupi ya umeme, hufika takriban milivolti 100; nje hubaki mdogo mno, maana maji ya chumvi hupitisha umeme kirahisi na mkondo husambaa. Hata hivyo seli jirani huhisi. Mwaka 1940, wanasayansi Katz na Schmitt walilaza nyuzi mbili za neva za kaa sambamba: mpigo ulipopita kwenye moja, wepesi wa nyingine kuamka ulibadilika, bila sinapsi yoyote (kiungo cha kupitishia ishara kati ya seli) kati yao. Kadiri majimaji ya nje yanavyozuia umeme, ndivyo athari hiyo inavyokua.

Hapo ndipo maelezo ya boksi yanapozidisha chumvi. Yanaahidi kwamba utaona seli zikiathiriana, ilhali pini nene kama hizi huchanganya milio ya nyuzi nyingi. Hata mguu unaochezeshwa na muziki kutoka kwenye simu si ushahidi: mkondo wa simu unaopitishwa mguuni ni mkubwa kuliko wa seli jirani.

Ukisikia mvumo usiokoma, ni umeme wa ukutani, hezi 50. Chomoa chaja ya laptopu, zima taa ya mrija, funika kisanduku kwa karatasi ya alumini iliyounganishwa na ardhi ya saketi (sehemu yake ya volti sifuri). Mguu ukikauka, tone la maji yenye chumvi kidogo litaurudishia mguso.

Solda isiyoshika vizuri inadanganya zaidi, kwa sababu mikwaruzo yake hufanana na mipigo ya neva. Choma pini kwenye koki iliyoloweshwa maji hayohayo, bila mguu, utikise waya. Milio ikiendelea, rudia viungo vya solda kabla wanafunzi hawajaingia.