Gundi ya kuzuia nati kulegea: ipi ununue kwanza na ipi uiache dukani

Kama unaendesha pikipiki kwenye barabara zetu hizi za vumbi na matuta, au una jenereta, mashine ya kusaga, cherehani, pampu ya maji, chochote kile kinachotetemeka, kero ya nati kulegea unaijua. Unakaza leo, wiki ijayo keria inagonga, saiti mira imeinama inatazama barabara, bolti ya stendi haipo kabisa. Dawa yake ipo na wala sio kitu cha ajabu, ni ile gundi ya majimaji inayopakwa kwenye thredi, yaani ile mistari ya kuzungukia ya bolti na nati, kabla ya kukaza, mafundi wengi wanaiita Loctite hata kama chupa imeandikwa jina lingine. Sasa shida inaanzia dukani. Ukifika Gerezani pale Dar au Kirinyaga Road kule Nairobi ukasema "nipe Loctite", muuzaji anakupa iliyo karibu na mkono wake, na mara nyingi ni nyekundu, kwa sababu "hiyo ndo kali mkuu". Kali ni kweli. Ila kwa watu wengi hiyo ndo ingetakiwa iwe ya mwisho kununua.

Kabla sijazipanga, elewa kwanza inavyofanya kazi maana bila hivyo utapigwa tu. Hii gundi haikauki kwa kupigwa na hewa, inakauka kwa kukosa hewa. Ikiwa imebanwa kati ya bolti na nati, hewa hakuna na inagusana na chuma, inageuka plastiki ngumu inayojaza ule upenyo mdogo kati ya thredi na thredi. Mwaka 1969 mhandisi mmoja Mjerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwamba kinachofungua nati zaidi ni vile vipande viwili vilivyofungwa pamoja kusuguana kwenda upande huu na upande ule, kila vikisogea na thredi nazo zinateleza kidogo, nati inajizungusha yenyewe mpaka inaachia. Ndo maana washa ya springi, ambayo wote tumekuzwa tukiiamini, kwenye mtetemo wa namna hiyo haifui dafu. Gundi inaziba upenyo, thredi inakosa pa kuteleza. Basi.

Na hiyo hiyo ndo sababu ukinunua chupa mpya unaikuta ina hewa nyingi ndani kama imepunguzwa. Hujapunjwa, imeachwa hivyo makusudi, na plastiki ya chupa nayo inapitisha hewa, maana hewa ndo inaifanya ibaki maji. Usije ukachanganya chupa mbili ukajaza moja mpaka juu ukidhani unatunza.

NAMBA MOJA: ya bluu, nguvu ya kati, inayovumilia mafuta

Kwa Loctite hii ni namba 243. Kama utanunua chupa moja tu maishani nunua hii, sitazunguka. Inafaa bolti za kuanzia M6 mpaka M20 (unene wa milimita 6 mpaka 20), yaani karibu bolti zote za pikipiki na nyingi za gari na mashine ndogo. Kwenye bolti ya M10 inahitaji kama Nm 26 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kuivunja gundi yenyewe, kwa hiyo inashika vizuri lakini siku ukitaka kufungua unafungua kwa spana ya kawaida bila kuchoma wala kukata kitu. Inavumilia joto mpaka nyuzi 180, na kubwa zaidi kwa mazingira yetu, inavumilia mafuta kidogo kwenye thredi. Hiyo ni muhimu mno, maana tuseme ukweli, nani gereji ya chini ya mwembe anaosha bolti mpaka inang'aa?

Kuna ndugu yake wa zamani, 242, naye ni bluu, bado anauzwa. Sio mbaya, ila anaishia nyuzi 150 na anataka thredi safi zaidi. Zikiwa bei moja chukua 243.

Kwa majina mengine, Permatex ya Marekani wana bluu yao ya nguvu ya kati na ni nzuri, ThreeBond ya Japani pia, hawa ni watu wa kuaminika na ukipata ya kwao duka linaloeleweka wala usisite. ABRO inapatikana kirahisi zaidi huku kwetu na kwa kazi kama keria, saiti mira na namba ya pikipiki inatosha. Ila kwa bolti inayoshika breki mimi ningelipia ile ambayo kiwanda kinatoa karatasi yenye vipimo vyake vyote, breki sio mahali pa kubana matumizi hata kidogo.

NAMBA MBILI: ya bluu ya kijiti

Loctite 248. Iko kama gundi ya kupaka ya wanafunzi, unazungusha chini inatoka juu, unaisugua kwenye thredi. Nguvu ya kati vilevile. Nimeiweka ya pili kwa sababu ni ngumu kuipata na bei yake imechangamka, lakini kwa fundi anayetembea, yule anaitwa barabarani bodaboda imekufa, hii ni bora kuliko ya maji, haimwagiki kwenye begi, haichuruziki ukifanya kazi ya juu kichwani, na hupotezi tone hata moja. Kasoro yake ni shimo lisilotoboka upande wa pili, huko ya maji inaingia vizuri zaidi.

NAMBA TATU: ya zambarau

222. Hii ni ya skrubu ndogo, chini ya M6. Mafundi cherehani, mafundi kamera, mafundi redio, wenye miwani ya skrubu, hii ndo yenu. Kwenye M10 inashika kama Nm 6 tu, utaona ilivyo ndogo ukilinganisha na bluu, na ndo uzuri wake, kwa sababu skrubu ndogo ukiipaka gundi kali siku ya kufungua kichwa kinakatika na wewe umebaki na kipande ndani. Watu wengi hawaijui kabisa, wauzaji wengi pia hawaiweki, inabidi uagize.

NAMBA NNE: ya kijani inayopenya

290. Hii ni nyembamba kama maji, unadondoshea kwenye nati ambayo tayari imeshakazwa na inajivuta yenyewe kuingia ndani ya thredi. Ni nzuri kwa kitu ulichokwisha kurekebisha na hutaki kukivuruga. Ila nisikilize hapa: kijani ni rangi yenye mtego. Loctite 270 nayo ni kijani na ni ya nguvu kubwa, 638 nayo ni kijani lakini hiyo hata sio ya nati, ni ya kushikisha bearing na bushi kwenye nyumba yake. Ukimwambia muuzaji "nipe kijani" unaweza kupewa yoyote kati ya hizo tatu. Soma namba. Na rangi ya chupa isikudanganye, chupa nyingi za Loctite ni nyekundu hata kama dawa ya ndani ni ya bluu, kwa hiyo kuna watu wanadhani wana nyekundu kumbe wana bluu, na kinyume chake.

YA MWISHO: nyekundu

271, 272, 263 na wenzao. Sio kwamba ni mbovu, ni gundi bora sana kwa kazi yake, yaani stadi za injini (zile bolti zisizo na kichwa) na bolti nzito ambazo hutarajii kufungua mpaka siku ya kufanya ovaholi. Kuifungua unatakiwa upashe moto mpaka kama nyuzi 250 halafu ufungue ingali ya moto, ikipoa inashika tena. Sasa fikiria bolti iko karibu na tanki la petroli, au imeingia kwenye aluminiamu, au pembeni yake kuna waya na mpira. Utaipashaje? Ndo unaona watu wanakata bolti kwa grainda, wanatoboa, wanatengeneza thredi upya, gharama mara ishirini ya gundi yenyewe. Kwa kweli inaniuma kuona kijana wa bodaboda ambaye pikipiki yenyewe ni ya mkataba analipa pesa ya siku nzima kutolewa bolti moja ya futiresti kisa fundi alipaka "ile kali". Kama unaihitaji kweli, kitabu cha mashine kitakwambia. Kisipokwambia, rudi namba moja.

Vingine watu wanavyotumia badala yake: super glue inashika ndiyo lakini ni ngumu na inavunjika, mtetemo unaimaliza. Ule utepe mweupe wa mafundi bomba usiuweke kwenye bolti, kazi yake ni kuziba maji na zaidi ya hapo unalainisha thredi, nati inateleza vizuri zaidi. Nati yenye nailoni ndani ni chaguo zuri kweli na ya bei nafuu, mahali inapoenea itumie, ila nailoni haipendi joto la kuzidi nyuzi 120 hivi, na ukiona inazunguka kwa vidole mpaka mwisho imekwisha, tupa. Kwenye eksel ambako kiwanda kimeweka kota pini, ile pini ya kukunja inayopita kwenye tundu la bolti, weka kota pini, gundi haichukui nafasi yake.

Feki zipo nyingi na hapa ndo pa kuwa macho. Kuna vipimo viwili havina gharama. Cha kwanza, gundi halisi kama 243 inang'aa ukiimulika kwa taa ya UV, ile ile mawakala wa M-Pesa na wenye maduka wanayotumia kukagua noti, kwa hiyo omba tone moja limulikwe. Isipong'aa, rudisha. Iking'aa bado haijathibitisha kila kitu maana mwenye kughushi naye anaweza kuweka rangi, basi fanya cha pili: chukua bolti na nati ya chuma cheusi, safi, paka, zungusha nati mpaka katikati ya bolti bila kukaza kwenye kitu, na tone lingine liache wazi juu ya kipande cha plastiki. Baada ya saa moja nati inatakiwa igome kwa vidole, na lile tone la wazi liwe bado maji. Ikiwa la wazi limekauka na kuwa gumu, uliyouziwa ni gundi nyingine kabisa iliyotiwa rangi. Angalia pia tarehe, na usinunue chupa iliyokuwa imepangwa kwenye jua mbele ya duka. Hizi zinataka ubaridi, na joto la Dar au Mombasa ndani ya kioo cha duka linazimaliza kabla ya siku zake.

Saizi: kwa mtu wa kawaida chupa ya mililita 10 inatosha muda mrefu sana, bolti moja inakula tone moja mpaka mawili. Ya 50 ni ya gereji, na ukigawanya bei kwa mililita utakuta ni nafuu zaidi, kwa hiyo mafundi wawili watatu mnaweza kuchangiana mkainunua pamoja.

Kuipaka sasa. Sugua thredi kwa brashi ya waya, futa kwa thina au asetoni, petroli inaacha mafuta lakini kwa 243 utapona. Dondosha pale nati itakapokaa, sio kwenye ncha ya bolti ambapo yote inasukumwa nje. Shimo ambalo halijatoboka, dondoshea ndani ya shimo lenyewe, kwa sababu ukipaka bolti tu hewa iliyonasa chini inasukuma gundi yote kurudi juu. Mdomo wa chupa usiguse chuma hata siku moja, chembe za chuma zikiingia zinaanza kuigandisha humo ndani. Halafu kaza kwa nguvu yake ile ile inayotakiwa, gundi haikazi kwa niaba yako, inalinda tu ulichokaza. Ikigusa ngozi nawa, wengine inawaletea mzio.

Bolti za chuma cha pua, au zile nyeupe zilizopakwa zinki, na aluminiamu, zinaichelewesha sana, kwa sababu gundi inahitaji chuma chenyewe kuamka. Kuna dawa ya kupuliza kwanza, Loctite 7649, lakini ni bei, kwa hiyo usipokuwa nayo kubali kusubiri muda mrefu zaidi. Kwa chuma cha kawaida inaanza kushika ndani ya dakika 10 hivi na nguvu yake kamili ni baada ya saa 24, ndo maana bolti za diski ya breki fanya jioni pikipiki ilale, abiria apande kesho.

Na kuna mahali pa kutoiweka kabisa. Nati za magurudumu ya gari, hapana. Plagi, hapana. Bolti ya kumwagia oili, hapana. Nipeli ya kutolea hewa kwenye breki, hapana. Bolti za ekzosi nazo achana nazo kwa bluu, joto la pale linaichoma. Na usiiweke kwenye skrubu zinazoshika plastiki, kava za pikipiki, taa, dashibodi, kwa sababu gundi hii ikiwa bado maji inakula baadhi ya plastiki na utaikuta imepasuka nyufa kuzunguka skrubu wakati wewe unalaumu kava ni ya Kichina. Hapo tumia washa ya mpira na mkono mwepesi.