Darasa la Kiingereza la jioni Kirumba: neno moja kwa saa nzima

Nauza sato mwaloni Kirumba, Mwanza, huu mwaka wa 11, na Kiingereza changu kiliishia darasa la saba. Wenzangu wa mwaloni wameniuliza mara nyingi kama zile elfu mbili ninazolipa darasa la Kiingereza kila jioni zina faida. Zinayo. Nitawaeleza kwa neno moja tu, maana darasa lenyewe ndivyo linavyokwenda: saa 12 jioni mwalimu anaandika neno moja ubaoni, na mpaka saa 1 mko na hilohilo.

Kilichonipeleka ni hasara. Mpishi wa nyumba moja ya wageni, mtu wa nje ambaye Kiswahili chake ni cha salamu, alinitumia oda kwenye simu: sato 20, "no scales". Nikaliingiza "scale" kwenye programu ya kutafsiri, ikaniletea mizani. Nikaelewa kwamba hataki kupimiwa kwa kilo, anataka kwa idadi. Nikachagua sato 20 wanaolingana, nikawapanga kwenye barafu, nikampa kijana wa bodaboda. Saa 8 mchana ndoo ikarudi na samaki wote, barafu imekwisha, magamba yao mwilini kama walivyotoka ziwani. Alitaka samaki waliokwisha kuparwa. Jioni ile niliwaachia mama wakaanga samaki kwa bei ya kutupa, na nilipofika nyumbani sikula.

Nilimsimulia mwalimu, na kesho yake neno ubaoni likawa SCALE. Hakutupa maana. Alimuuliza kila mmoja wetu amelikuta wapi. Nesi akasema kwenye mshahara: ile TGS (Tanzania Government Scale) ya watumishi wa serikali, S yake ndiyo hiyo. Fundi ujenzi akasema kwenye ramani ya nyumba, skeli ya 1:100, sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya kiwanja. Mimi nikasema kwenye oda iliyonitia hasara.

Hapo akachora picha tatu: samaki, mizani ya vitanga viwili, na ngazi. Akasema hayo ni maneno matatu yaliyotoka sehemu tatu. La magamba lilitoka Kifaransa cha zamani, likiwa na maana ya ganda. La mizani lilitoka lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, nalo lilikuwa bakuli, kwa sababu kitanga cha mizani ni kama bakuli. La tatu ni la Kilatini, ngazi hasa, na humo ndimo zinamoingia skeli ya ramani na ngazi ya mshahara. Nesi akasema, "Kumbe hata sisi tunasema ngazi ya mshahara!" Miaka yote amelitamka bila kuiona ngazi yenyewe.

Mama mmoja mzaliwa wa Tanga akadakia: "Mwalimu, kupara samaki kwetu twasema kupaa." Mwalimu akaacha chaki. Akatuambia tuhesabu: kupaa samaki, ndege kupaa angani, paa la nyumba, paa wa porini. Kisha akaandika "to scale a fish", kutoa magamba, na chini yake "to scale a wall", kuukwea ukuta. Kiingereza na Kiswahili, kila kimoja kina neno moja la kutoa magamba na kwenda juu! Nilisisimka mwili. Tangu nikiwa mtoto nimeambiwa Kiingereza ni kigumu kwa sababu neno moja lina maana nyingi, na kumbe langu nililolelewa nalo liko vilevile.

Lililonisaidia zaidi kazini ni matumizi. Sisi tuna kuziba na kuzibua, mkia wa neno unakuonyesha kwamba kitu kinaondolewa. Kwao "scale" likiwa tendo ndilo lenyewe linaloondoa magamba, haliongezewi mkia wa kuondoa. Halafu Uingereza mizani hata ikiwa moja huitwa "scales", kwa wingi, ila Marekani husema "scale". Kwa hiyo ukiona "scales", usikimbilie mizani wala magamba. Tazama neno la jirani. Jirani akiwa samaki, shika kisu kwanza, halafu uliza. Alinipa sentensi ya kuulizia: "Do you want the fish scaled?", yaani unataka samaki waparwe? Nimeibandika kwenye kifuniko cha ndoo.

Jioni iliyofuata nilikwenda na sato mmoja kwenye gazeti, nikampara mbele ya darasa, mkiani kwenda kichwani, huku nikitamka "I am scaling the fish". Gamba moja liliruka likanata kwenye daftari langu, pembeni ya neno lake. Lilikaukia hapohapo, na ukilielekeza kwenye mwanga linang'aa bado.

Kasoro zipo. Chumba ni stoo ya unga, mabenchi 3 kwa watu 14. Umeme ukikatika mnasomea tochi za simu. Ukikosa jioni moja, neno limekupita, mwalimu harudii. Matamshi hayakazii vya kutosha: wengi wetu bado tunasema "skeli" tukimalizia na irabu, ilhali neno lao linakatikia kwenye L, na angetusahihisha mmoja mmoja. Kwa anayetafuta cheti, hapa hakuna.

Ile programu ya simu sijaifuta. Inakupa maana iliyo juu, nayo ni ya kweli, lakini haikuulizi unauza nini.

Juzi yule mpishi ameagiza tena, sato 30, "scaled and gutted". La kwanza nililisoma bila kushika simu. La pili nimelipeleka kwa mwalimu, ndilo neno la Alhamisi hii. Anayetaka kuja afike kabla ya saa 12, benchi la mbele ndilo lenye mwanga.